Karai ya Marehemu Apiyo

Milka Aloo hakuwa na shida na watu wa kodi mpaka siku Odongo alimsifu mbele ya watu.

Milka anakaanga mgongo wazi pale Obunga, Kisumu. Kama hujawahi kula mgongo wazi, basi wewe ni mtu wa pesa ama ni mtu wa mbali. Samaki mbuta akitoka ziwani anapelekwa kiwandani, anatolewa nyama upande huu na upande ule, nyama inalazwa kwa barafu inaenda kuliwa Ulaya. Kinachobaki ni kichwa, mkia, na mifupa katikati, na pengine kanyama kadogo kenye kisu kilisahau. Hiyo mifupa ndiyo yetu. Akina mama wanainunua kwa gunia, wanaianika, wanaitumbukiza kwa mafuta moto, na wewe unaila na ugali ukisema asante Mungu. Miaka yote hakuna mtu wa serikali amewahi kuitamani.

Aliyemfundisha Milka hii kazi ni mama mkwe wake, Apiyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, anayejua mafuta imeshika moto kwa kuitemea mate. Apiyo hakuacha shamba wala nyumba mjini. Aliacha karai. Lakini usifikirie hizi karai za kubebea mchanga. Hii ilikatwa na fundi wa Kibuye kutoka kwa tangi kuukuu ya maji, inabebwa na watu wawili, na ikijaa inakaanga gunia nzima kabla hujamaliza kusengenya mtu mmoja.

Apiyo alikufa miaka mitatu iliyopita bila kusema karai ni ya nani. Alikuwa na wavulana wawili. Mkubwa ni Robinson, ndiye mume wa Milka, anafanya kazi Naivasha kwa maua na anatuma salamu zaidi ya pesa. Mdogo alioa Celestine. Wake wa ndugu huku wanaitana nyieka, kama watu wameolewa na bwana mmoja, na wanachukiana vivyo hivyo. Celestine alisema karai ni yake kwa sababu yeye ndiye alimwosha mama mgonjwa miezi saba. Milka alisema ni yake kwa sababu asubuhi mama alipokata roho, yeye ndiye alikuwa ameshika mkono wa karai. Ilikuwa na samaki ndani, angeiacha aje? Basi ikabaki kwake. Celestine akanunua sufuria, akafungua kibanda hatua kumi na tano kutoka kwa Milka, na kwa miaka mitatu hawakusalimiana. Kila mmoja alikuwa anahesabu wateja wa mwenzake kwa pembe ya jicho.

Sasa ikaja bajeti. Kwa mswada wa mwaka huu kulikuwa na laini moja imeandika kwamba samaki aliyepitia kiwandani atalipiwa kodi, "pamoja na sehemu zake zote zilizobaki." Jamaa mmoja wa Maseno, mwanafunzi wa sheria anayekula kwa Milka kwa deni, alisoma hiyo laini kwa simu mara mbili akaacha kutafuna. Aliwaambia akina mama kwamba sehemu zilizobaki ni wao. Yaani nyama inaondoka nchini bila kulipa kitu, mifupa inabaki nyumbani inalipa.

Kamati ilikuwa inakuja kutoka Nairobi kuchukua maoni ya wananchi, ukumbi mmoja hapo mjini. Akina mama wa Obunga wakachagua Milka aende aongee. Walimchagua kwa sababu haogopi mikrofoni, na kwa sababu alikuwa na rinda halijanuka samaki. Alifanya mazoezi wiki nzima. Alikuwa na swali moja tu: mtu akila nyama yako akakuachia mfupa, nani anafaa kulipa? Alilipunguza mpaka likaingia kwa dakika moja na nusu, kwa sababu kila mtu alikuwa amepewa dakika tatu.

Kila mtu, isipokuwa wafanyabiashara wakubwa. Hao walikuja na suti na picha za ukutani, wakaongea saa moja na nusu kuhusu mazingira ya biashara yanayotabirika. Wenye mahoteli walilia. Wenye maduka ya jumla walilia. Mmoja alilia mpaka akaomba maji, akaletewa ya chupa. Milka alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango tangu saa mbili. Jina lake liliitwa saa saba kasoro, wakati mwenyekiti wa kamati alikuwa ameanza kunusa pilau ya nje.

Milka akasimama. Akashika mikrofoni. Akafungua mdomo. Na Odongo akasimama pia.

Odongo ni muuza makaa, mteja wa Milka wa kila asubuhi, mtu mzuri kabisa. Shida yake ni kwamba hawezi kuona mtu wake amesimama mbele ya watu bila kumpamba. Na huku kwetu hiyo si wazimu, ni adabu. Inaitwa pakruok. Muziki ukiwa unapigwa, unaweka pesa kidogo, muziki unasimama, halafu unajisifu ama unamsifu rafiki yako mpaka anarefuka. Unasema ana ng'ombe hazihesabiki hata kama ana kuku mmoja mgonjwa. Kila mtu anajua. Hakuna mtu anaenda kuangalia zizi.

Odongo akatembea mpaka mbele, akaweka mia mbili kwa meza ya kamati, akainua mkono.

"Mwenyekiti, simamisha hapo," akasema. "Mnajua ni nani huyu mmesimamisha? Huyu ni Milka nyar Asembo, binti wa Asembo, mama wa samaki yote. Akikaanga, Uganda wanasikia harufu wanavuka na sahani. Watu mia nne wanakula kwake kabla jua haijatoka. Ako na karai inatosha kuogea askofu. Pesa yake, benki ilihesabu ikachoka, ikaenda likizo."

Watu wa Obunga walipiga makofi mpaka viti vikalia. Mama mwingine akaja na hamsini yake, akaongeza kwamba Milka ana mafuta kwa drumu saba na kila drumu ina mlinzi. Wa tatu akaongeza malori. Milka alisimama hapo katikati na mikrofoni, na nitasema ukweli, alitabasamu. Nani hawezi tabasamu? Wakati walimaliza kumsifu, karani alisema dakika tatu zimeisha. Swali la mfupa halikuulizwa. Watu wakaenda kula pilau.

Sasa, karani wa kamati hakuwa mtu wa huku. Hakujua hii ni nini. Alikuwa ameambiwa aandike kila kitu, na aliandika. Ripoti ilipotoka kwa mtandao, ukurasa wa mia moja na kitu, ilisema hivi: "Bi. Aloo, mkaangaji wa Obunga, ana wateja mia nne kila asubuhi, huuza bidhaa hadi Uganda, anamiliki malori, na akiba yake imezidi uwezo wa benki. Hakuwa na pendekezo." Hata zile mia mbili na ile hamsini ziliandikwa. Ziliitwa vielelezo.

Wiki sita baadaye Milka akapata barua. Ilikuwa inamwambia, kwa lugha tamu sana, kwamba yeye ni mfanyabiashara mkubwa aliyejificha, na anadaiwa kodi ya milioni tatu na laki nne. Alikuwa na siku thelathini. Baada ya hapo watakuja kufunga kibanda na kuchukua vifaa vyake vya kazi. Milka hajawahi kuona laki mbili pamoja. Vifaa vyake vya kazi ni ungo, kijiko cha chuma, na karai.

Akaenda ofisini. Alimkuta afisa anaitwa Waswa, kijana wa Webuye mwenye shati limepigwa pasi mpaka kola inakata, miezi mitatu tangu aletwe Kisumu. Na si mtu mbaya. Huko kwao mtu akikuambia ana ng'ombe kumi, ukienda kuhesabu unakuta kumi na moja, moja amekuficha. Kwa hivyo Waswa alisoma ile ripoti akaona mwanamke anayekiri mali yake hadharani, na akafikiria iliyofichwa lazima ni mara mbili. Milka alimweleza kwamba yale yalikuwa maneno ya sifa tu. Waswa akamuuliza ni nani duniani anaenda mbele ya kamati ya bajeti kusema ana pesa kama hana. Na ukiiweka hivyo, kweli ni upumbavu.

"Mama, mimi nafuata kile kimeandikwa," Waswa akamwambia. "Leta mashahidi wanaojua biashara yako. Waseme ukweli, niandike, waweke sahihi."

Basi akaenda na Odongo, si yeye ndiye alifunga hiyo kamba? Njia nzima kutoka Obunga alikuwa anamfundisha. Sema mimi ni maskini. Odongo anasema sawa, maskini. Sema sina kitu. Sawa, huna kitu. Walipofika mlangoni Odongo alikuwa anajua yote.

Halafu akaingia, akaona meza kubwa, na kwa benchi watu watatu wanangoja kuhudumiwa. Yaani akaona watu. Odongo akavuta koti. Aliniambia baadaye kwamba alijaribu kabisa, neno maskini lilifika kwa meno, lakini utasimama aje mbele ya wageni useme mama ya watu hana kitu? Si huyo ni mtu wako? Si kesho atakuona? Akaweka hamsini mezani. Waswa aliiona hiyo hamsini akaangalia kamera iko kwa dari, akairudisha kwa rula bila kuigusa. Odongo alikuwa ashaanza. Alisema Milka ni simba ya Asembo, ni ziwa lenyewe, likikauka tutahama. Alipoketi, Waswa alikuwa ameandika ukurasa mzima, na milioni tatu na laki nne ilikuwa imekuwa milioni nne na laki moja.

Milka akajaribu wengine. Mama mmoja alienda na nia nzuri, akasema Milka ana malori mawili tu. Hiyo "tu" ndiyo ilikuwa msaada wake. Fundi wa viatu alifika mbele ya Waswa akalia, akasema hawezi kumwaibisha mama ya watoto, na Waswa akaandika kwamba shahidi alionekana ametishwa. Siku zilikuwa zimebaki nne. Kila mtu anayempenda Milka alikuwa amemfanya tajiri zaidi.

Ndipo akaelewa. Alihitaji mtu asiyempenda.

Zile hatua kumi na tano alizitembea saa sita mchana, Obunga yote ikiangalia. Celestine alikuwa anageuza samaki. Hakuinua kichwa.

"Nyieka," Milka akasema. Ndilo neno la kwanza kwa miaka mitatu. "Nataka uende ofisi ya kodi unitukane."

Celestine akageuza mgongo mmoja, akageuza mwingine.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya serikali."

"Na hutanijibu?"

"Sitakujibu."

Celestine akatoa sufuria kwa moto. "Ngoja nivae viatu," akasema.

Mimi sijawahi kuona mtu anaenda ofisi ya serikali na furaha kama hiyo. Alifika kwa Waswa, akakataa kukaa. Alisema amekuja kwa hiari yake, hajalipwa, na kama kuna kuapa yeye yuko tayari kuapa. Halafu akaanza. Alisema huyu Milka unamwona hivi hana kitu. Mabati yake ya kibanda ni nne na mbili ni za kanisa, aliazima. Drumu saba ya nini? Mafuta ananunua kwa kikombe, na anaitumia mpaka inakuwa rangi ya soda. Malori yake ni mkokoteni wa kukodi, na wenye mkokoteni wanamtafuta. Wateja mia nne? Wateja wake ni watu wamekosa nafasi kwake Celestine, wakakula kwa huruma.

Waswa alikuwa anaandika mbio. Kila sentensi alikuwa anakata kitu. Milioni nne na laki moja ikawa milioni mbili. Mbili ikawa laki tisa. Milka alikuwa ameketi na mikono katikati ya magoti. Hiyo ya mafuta ilimkata, kwa sababu ilikuwa kweli. Hiyo ya wateja ilimkata zaidi, kwa sababu ilikuwa uwongo, na alikuwa ameahidi hatajibu. Laki tisa ikawa laki moja. Ikabaki kitu kimoja kwa karatasi.

"Na hii mashine," Waswa akasema. "Karai inayotosha kuogea askofu. Iko?"

"Iko," Celestine akasema. "Lakini si yake. Ni yangu."

Waswa akamgeukia Milka. "Ni kweli, mama?"

Miaka mitatu Milka alikuwa amelala na mkono mmoja nje ya dirisha akigusa hiyo karai, asiibiwe. Alikuwa ameapa kwa mazishi, kwa kanisa, kwa chifu mara mbili. Akisema ni yake, kodi inabaki na watakuja kuichukua. Akisema si yake, Celestine ataibeba leo leo.

"Ni yake," akasema. Ilitoka kama jino.

Celestine alifunga macho kama mtu amekunywa maji baridi. Waswa akaandika, akapiga mhuri kwa karatasi ya Milka, akaiweka kando. Halafu akafungua droo, akatoa fomu mpya, nyeupe kabisa.

"Vizuri," akamwambia Celestine. "Kwa hivyo mwenye mashine ni wewe. Na umesema wateja wale wengi ni wako. Jina kamili?"

Celestine akafungua macho. Ndio wakati alikaa chini.

"Nilisema yangu?" akauliza. "Nilimaanisha ya nyumba yetu. Kwa hivyo ni ya Milka. Yeye ndiye mke wa mkubwa."

"Mimi nimeshasema si yangu," Milka akasema. "Serikali imepiga mhuri."

"Nyieka, wacha unyenyekevu. Si ni wewe ulikuwa umeshika mkono wa karai siku mama alituacha?"

"Nilikuwa nimeshikilia tu. Wewe ndiye ulimwosha miezi saba. Kila mtu anajua. Karai ni haki yako."

"Kumwosha ni kazi ya mtoto yeyote. Siwezi kulipwa na karai."

"Utakataa zawadi ya marehemu?"

Waswa alisikiliza hii kesi nusu saa. Kila sababu Celestine alikuwa amepigania nayo miaka mitatu, sasa Milka ndiye alikuwa nayo, na ya Milka iko kwa Celestine, na kila mmoja anaitetea kuliko mwenyewe alivyoitetea. Watu wa benchi walikuwa wamesahau shida zao. Mwishowe Waswa akaweka kalamu, akasugua uso, akauliza kwa sauti ya mtu anataka kwenda nyumbani: hii karai, kwa ukweli wa Mungu, ni ya nani?

"Ya Mama," wote wawili wakasema.

"Jina?"

"Apiyo."

"Anapatikana wapi?"

Wakamwambia. Nyuma ya nyumba, Asembo Bay, chini ya saruji. Waswa akaeleza kwamba komputa yake ina nafasi ya mtu na nafasi ya kampuni, haina nafasi ya kaburi, na fomu haiwezi kufungwa bila mwenye mashine. Akaangalia saa. Akaandika Apiyo, mtu. Komputa ikakubali bila kuuliza swali. Kwa nafasi ya Milka akaweka "msaidizi," na kwa nafasi ya Celestine "msaidizi," na akawaambia waende kabla hajabadilisha mawazo.

Walirudi kwa miguu mpaka wakapita Kondele. Hapo Milka akauliza ile maneno ya kula kwa huruma ilitoka wapi. Celestine akasema ni kazi alipewa, aliifanya. Halafu akasema yeye mwenyewe huwa anatuma mtu akamnunulie kwa Milka siku ya Ijumaa, kwa sababu sufuria haikaangi vizuri mkia. Milka akamuuliza kama angependa aandikiwe risiti.

Sasa wanakaanga pamoja, karai moja, kwa sababu hakuna mwenye anaweza kuidai peke yake. Mwenye ataiita yangu kwa sauti, kuna kijana wa Webuye atasikia. Ule mswada ulipita, na laini ya sehemu zilizobaki iko pale pale. Hakuna mtu alipinga, ripoti inasema hivyo. Kwa hivyo gunia la mifupa limepanda, na mkia uliokuwa unauzwa mbao, yaani ishirini, sasa ni thelathini, na yule mwanafunzi wa Maseno bado anakula kwa deni, lakini anakula polepole.

Na juzi barua ilikuja Obunga, bahasha mpya. Ilikuwa inamwita Apiyo mlipa kodi mpendwa. Ilisema ameonekana hajawasilisha chochote tangu kufunguliwa kwa faili, na afike ofisini mwenyewe, na kitambulisho, kabla ya mwisho wa mwezi. Milka aliisoma kwa sauti, Celestine akigeuza samaki. Wakaanza kubishana kama ipelekwe Asembo ikawekwe juu ya kaburi, ama ijibiwe.

Odongo alikuwa pale na sahani yake. Akapangusa mikono, akasimama, akavuta koti. Alisema mama Apiyo alikuwa mtu mkubwa sana, hawezi kukosa mtu wa kumwongelea, na yeye yuko tayari kwenda kesho asubuhi.

"Odongo," wakasema wote wawili, "kaa chini ule."